Nailoni Laini ya Shangazi

"Sabuni, wifi. Sabuni. Watu wanatafuna mkate, povu linawatoka."

"Aliyetokwa na povu ni nani? Mtaje, twende tukamsuuze."

"Mama Kantini kasema."

"Mama Kantini kasema mkate unanuka. Povu umelitia wewe."

"Haya, unanuka. Na anayechagua nailoni humu ndani ni nani? Mimi?"

Walikuwa hivyo tangu chai ya asubuhi, na sasa jua lilikuwa limeshapita utosini bila mmoja wao kushinda. Mmoja upande huu wa meza ndefu ya kufungia, mwingine upande ule, na katikati yao pakiti za mikate mikavu zilizorudishwa na kantini ya hospitali, zimechanwa midomo na kuachwa wazi kama vifaranga vinavyongoja kulishwa.

Aliyeulizwa alikuwa Shangazi. Alikuwa dada mkubwa wa mwenye tanuri, na jina hilo la Shangazi lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata muuza mkaa, mzee aliyemzidi umri kwa mbali, alimwita Shangazi na kumwamkia. Aliyeuliza alikuwa wifi yake, mke wa mwenye tanuri, mwanamke wa mwili na sauti. Sauti yenyewe ingeweza kupukuchua mahindi. Akikuita kutoka uani, nguo zilizo kwenye kamba zinakauka.

Na mwenye tanuri, ndugu wa mmoja na mume wa mwingine, walimwita Mwokaji. Yeye alikuwa chumba cha pili, karibu na moto, amejifanya hasikii. Huoka mkate, akaukata vipande, akavirudisha vipande tanurini mpaka vikauke kama mbao. Ukiviloweka kwenye chai vinakuwa laini, na mgonjwa asiye na hamu ya kula anavimeza bila taabu. Lakini kabla ya chai, usivifanyie mchezo. Mwizi mmoja aliwahi kuingia kupitia dirishani, akauma kipande gizani, meno mawili yakabaki kwenye mkate. Alikwenda mwenyewe kituoni kushtaki.

Ugumu wote huo, hata hivyo, ni wa kudekezwa. Mkate mkavu ukipata unyevu kidogo tu, hata wa pumzi ya mtu mwenye mafua, unalegea kama kitambaa cha kufutia meza. Maisha yake yote yamo kwenye mfuko. Mfuko ukiwa mzuri, mkate unaishi miezi. Mfuko ukiwa mbaya, jioni tu umeshakufa. Ndiyo maana mwenye kuchagua nailoni ndiye aliyekuwa akilaumiwa kwa kila kitu katika nyumba ile, na kazi hiyo ilikuwa ya Shangazi tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Uchovu wa Shangazi ulikuwa unalala naye, unaamka kabla yake, unamngoja mlangoni na viatu vyake. Akipiga miayo adhuhuri, kuku wa jirani wanaingia bandani wakidhani kumekuchwa. Miguu yake ilikuwa imeacha kuvimba. Ilichoka hata kuvimba.

Mashine ya kufungia ndiyo iliyommaliza. Ilikuwa ya kukanyaga. Unaingiza mdomo wa mfuko katikati ya vyuma viwili, unakanyaga, chuma cha juu kinashuka na moto wake, nailoni inashikana, unaachia. Unakanyaga, unaachia. Mguu wa kulia ukilalamika unahamia wa kushoto, wa kushoto ukilalamika unarudi kwa wa kulia, ambao wakati huo bado unasimulia shida zake. Na kiti kilikuwa marufuku. Mwokaji alisema anayekaa husinzia, na anayesinzia hufunga vidole vyake pamoja na mkate. Sheria hiyo ilitungwa na mtu ambaye mwenyewe hukaa juu ya gunia la unga akingoja mikate iive.

Lakini safari hii alikuwa amempa dada yake ahadi. Kantini ya hospitali ilikuwa ikijaribu mikate yao. Kama ingependezwa, ingekuwa inachukua kila wiki, kazi ingeongezeka, na mdogo wake Wifi, mwanamke mzima mwenye miguu mipya, angekuja kushika mashine. Shangazi angekaa. Mwokaji hakusema angekaa wapi wala angefanya nini. Alisema tu, "Utakaa, dada," na Shangazi akalichukua neno hilo akawa analala nalo chini ya mto. Kantini ikikubali, anakaa. Kantini ikikataa, anasimama, mpaka siku ya kubebwa.

Na leo kantini ilikuwa imerudisha mikate. Mama Kantini alituma ujumbe kwamba angepita mwenyewe alasiri, asikie wamebadilisha nini, ndipo aamue.

"Mimi nilishasema," Wifi aliendelea, akichukua pakiti moja na kuiminya mbele ya uso wa Shangazi. "Sikiliza. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo. Nailoni gani hii haisemi? Imelegea kama sikio la mzee. Mteja anataka akishika mfuko uchakarike, ajue ndani kumekauka. Hii yako hata mkate ungekuwa mbichi isingesema."

"Wagonjwa wamelala, wifi. Mmoja akifungua mkate usiku wodini, unataka waamke wote wadhani kuna moto?"

"Bora waamke na moto kuliko walale na sabuni."

Shangazi aliegemea meza, akafumba macho kidogo, akayafumbua alipohisi mwili wake unaona hiyo ni ruhusa.

Hapo Muuza Nailoni akapiga hodi. Mtaani walimwita Bwana Roli, kwa sababu kila alikokwenda alikuwa na roli la nailoni begani, na roli likiwa halipo bega lilibaki limeinama vilevile. Alimkuta kila mtu amenuna, akaweka mzigo wake chini polepole kama mtu anayeingia msibani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kwenye baraza la kesi."

"Nani kashtakiwa?"

"Nailoni yako," alisema Wifi.

Mwokaji naye akatoka, unga mpaka kwenye kope, akasimama mlangoni akijifuta mikono. "Tuchague haraka," alisema. "Yule mama yuko njiani. Nataka akiingia tumwambie: tumebadilisha hiki, basi. Sitaki maneno mengi."

Bwana Roli akatandaza vipande vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa cha ile ile laini waliyoizoea, inayoonyesha ndani, ila nene kidogo. Cha pili kilikuwa cheupecheupe kama maji yaliyotiwa tone la maziwa, chembamba, kigumu. Alipokigusa tu kikapiga kelele. Wifi akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Cha tatu kilikuwa kimeunganishwa tabaka kwa tabaka, kinang'aa.

"Hiki cha tatu wekeni pembeni," alisema Bwana Roli mwenyewe. "Kinataka moto mkubwa. Mashine yenu ya kukanyaga itakipapasa tu. Nimekileta mkione."

Kuchagua nailoni katika nyumba ile kulikuwa na taratibu zake, na hazikufundishwa mahali pengine popote. Kwanza Shangazi huivuta kwa vidole gumba, aone inanyooka au inakatika. Kisha huufunga mfuko na pumzi ndani, akauzamisha kwenye ndoo ya maji, akaangalia kama unatoa mapovu kwenye mshono. Halafu ndiyo inakuja kazi yenyewe: huulalia. Mfuko uliojaa hewa huwekwa chini ya kichwa chake usiku kucha badala ya mto. Asubuhi kama bado umejaa, nailoni hiyo imepita. Kama umesinyaa, haikupita, na shingo ya Shangazi inakuwa upande siku nzima. Mwaka mmoja alilalia nailoni iliyoshika hewa vizuri mno hata akaota anaelea, na alipozinduka pua yake ilikuwa imegusa neti ya mbu.

"Leo hakuna muda wa kulala," Mwokaji alisema.

"Muda wa kulala haujawahi kuwepo," alisema dada yake.

"Basi tuukalie," alisema Wifi. "Kama unabeba kichwa usiku kucha, mimi dakika moja inatosha." Akaufunga mwenyewe mfuko wa ile inayochakarika, na vipande vya mkate ndani na hewa tele, akauweka juu ya gunia la unga, akajipima, akashuka.

Mlio uliotoka, mbuzi wa nyumba ya tatu alikata kamba. Unga ulipanda mpaka kwenye dari na kukaa huko ukifikiria. Wifi alibaki pale pale amekodoa macho, heshima yake ikijikusanya.

"Sasa imesema," alisema Shangazi.

Hata Mwokaji alicheka, kicheko kilichochoka, cha mtu ambaye hajacheka muda mrefu na amesahau kinapoishia. Bwana Roli aligeuka ukutani kwa adabu.

"Si nailoni," Wifi alisema akijikung'uta. "Ni ncha za mkate. Zimeitoboa."

"Ndiyo ninachokwambia kila siku. Mkate wetu una ncha kama misumari. Laini inanyumbuka, inaupisha. Hii ngumu haimpishi mtu, inatoboka. Tundu halionekani, lakini unyevu unaliona. Ukikaa mwezi, mkate umelala doro."

"Sawa, inatoboka. Lakini hainuki."

Hapo palikuwa na ukweli ambao Shangazi hakuwa na pa kuuweka. Mikate ilikuwa inanuka. Yeye mwenyewe alikuwa ameonja kipande asubuhi, na harufu ya sabuni, ile ya kuogea yenye maua, ilimpanda puani kama vile amenawa uso kwa mkate. Alishika kile kipande kinene cha laini, akakinusa. Hakikuwa na harufu yoyote. Akalinusa roli lililokuwa mezani, alilolitumia wiki zilizopita. Maua matupu.

"Mwanangu," alimwambia Bwana Roli, polepole, "uliniuzia yenye harufu?"

"Hapana, Shangazi. Hilo nililitoa kwenye fungu moja na la mama wa karanga na la yule wa chumvi. Wao hawajasema kitu."

"Sasa harufu imetoka wapi?"

Bwana Roli akajikuna bega lake lililoinama. "Nailoni hizi, hii laini na hii ya kelele, zote zinazuia maji. Ndiyo kazi yake. Lakini harufu zinaipisha. Laini inaipisha upesi, hii nyingine polepole, ila zote zinaipisha. Na yenyewe nailoni inainywa. Mimi nilijua kwa kufunzwa na mke wangu. Niliweka roli karibu na mafuta ya taa, yeye akafungia sukari kwa nailoni ile, tukanywa chai ya taa wiki nzima." Akatazama huku na huku. "Hapa jirani hakuna sabuni?"

"Sabuni ni zangu," alisema Wifi haraka. "Nauza za kuogea, rejareja. Lakini ziko stoo, kule nyuma, mlango umefungwa. Ziruke ukuta?"

"Basi sijui," alisema Bwana Roli.

Shangazi alikuwa anajua.

Alijua tangu lilipotajwa neno jirani, na moyo ulimshuka ukaenda kukaa na miguu. Chini ya meza ya kufungia, nyuma ya gunia lililoning'inizwa ili vumbi lisiingie, kulikuwa na boksi moja la sabuni za Wifi. Alilivuta kutoka stoo kidogo kidogo, siku ambayo magoti yaligoma, watu wote wakiwa wametoka. Urefu wa boksi lile ulikuwa kama limepimwa. Ukikaa ukingoni, ukanyoosha mguu, kikanyagio unakifikia. Akisikia nyayo za Mwokaji, anasimama. Nyayo zikipita, anakaa. Vikapu vya pakiti zilizofungwa viliwekwa hapo hapo kando yake, asihangaike kwenda mbali, na roli la nailoni aliliegemeza kwenye boksi lenyewe. Wiki kadhaa aliishi vizuri kuliko miaka yake yote. Alifikia hata kuimba.

Kumbe kila alipokaa, mikate ilikuwa inaoga.

"Haya, nimeamua," Mwokaji alisema. "Tunachukua hii ya kelele. Inapitisha harufu polepole, si ndivyo? Polepole ni afadhali. Yule mama akija tunamwambia nailoni ilikuwa mbaya, tumetupa, tumeleta nyingine. Atasikia kelele zake, ataamini."

"Umesema vizuri," alisema Wifi.

"Itatoboka," alisema Shangazi.

"Dada, tutaona ikitoboka."

Ingetoboka. Aliiona mbele kama mtu anavyoiona barabara aliyoipita maisha yake yote. Leo Mama Kantini atafurahi. Mwezi ujao mikate italegea, italetwa tena, na safari hiyo hakutakuwa na alasiri ya kuja kusikiliza. Kantini itakwenda, mdogo wake Wifi hatakuja, na yeye atakanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia. Na akinyamaza leo, boksi linabaki. Anaweza kulisukuma mbali kidogo, vikapu akavipeleka upande wa dirisha, akaendelea kuiba vikao vyake. Hilo nalo alilifikiria. Kwa nini asilifikirie? Alikuwa mtu.

Akisema, je? Boksi linakwenda. Ahadi pia itakwenda, maana ndugu yake si mtu wa kumpa zawadi aliyeharibu mikate. Atasimama vilevile. Alizigeuza njia zote na zote zilimwishia kwa miguu.

Angeweza kudanganya. Zamani alikuwa hodari. Aliwahi kumshawishi karani wa afya kwamba panya wa tanuri ile walikuwa vipofu, hawadhuru. Lakini uongo nao unataka nguvu. Unataka uusimamie, uulishe, uukumbuke kesho. Shangazi alijitafuta ndani nguvu za kazi hiyo, hakuzipata.

"Vuta hilo gunia," alimwambia ndugu yake.

"Gunia gani?"

"Lililo chini ya meza. Vuta."

Mwokaji aliinama, akavuta gunia, akakuta boksi. Akaliburuta nje mpaka katikati ya chumba. Lilikuwa limebonyea juu, pale katikati, shimo pana la kina, laini kwa matumizi, lenye umbo ambalo mtu hahitaji kuambiwa ni la nini. Harufu ya maua ilitoka ikajaza chumba kama bibi harusi.

Bwana Roli alianza kukunja vipande vyake vya nailoni ambavyo havikuhitaji kukunjwa.

"Sabuni zangu," Wifi alisema hatimaye. Akapiga magoti, akafungua, akatoa moja. Ilikuwa imepinda kama ndizi. Akatoa nyingine, nayo imepinda, ikalalia mkono wake vizuri kabisa. "Wifi. Umezikalia?"

"Nimezikalia."

"Zote?"

"Kulikuwa hakuna ya kubagua."

"Boksi moja lilipopungua stoo nilidhani limeibwa. Nimemtuhumu muuza mkaa wa watu, siku hizi hata salamu hatupeani."

"Nitakwenda kumwomba radhi."

"Utakwenda na miguu ipi?"

Swali lilitoka kama tusi. Lakini lilipofika katikati ya chumba likabadilika, na Wifi mwenyewe alionekana amelisikia. Alibaki na sabuni yake mkononi, akiitazama miguu ya wifi yake ndani ya kandambili. Vidole vilikuwa vimekaa kila kimoja na upande wake, kama watu waliogombana kwenye mkutano. Haikuwa miguu ya kutazamwa sana.

Mwokaji alikuwa amekasirika, ila hasira yake ilikuwa haijajua itue wapi. "Dada," alisema, "kwa nini hukuomba kiti?"

"Niliomba."

"Lini?"

"Mwaka ule mvua ilipobomoa bomba la moshi. Ukaniletea kandambili mpya."

"Nilidhani miguu inaumwa kwa sababu ya viatu."

"Nilishukuru. Ni kandambili nzuri."

Mwokaji alivuta pumzi ndefu, akapiga chafya kwa sababu ya unga na maua, na chafya ile ikampa nafasi ya kufuta macho.

"Ile laini nene ndiyo inayofaa," Shangazi alisema, akimgeukia Bwana Roli, kwa sababu ilikuwa rahisi kuzungumza kuhusu nailoni. "Tuachie roli moja. Hili la zamani litupwe, limeshalewa. Mikate iliyobaki kwenye vikapu ni ya kutupwa vilevile. Sabuni zirudi stoo na mlango ufungwe."

"Na hii ya kelele?" aliuliza Bwana Roli.

Wote wakamtazama Wifi. Wifi akatazama unga uliokuwa bado unashuka kutoka darini. "Peleka," alisema. "Imenidhalilisha."

"Tutamwambia nini yule mama?" Mwokaji aliuliza, akizunguka meza. "Tumwambie dada yangu amekalia sabuni? Hospitali nzima itacheka. Watacheka hata walioshonwa."

"Mwambie hivyo hivyo. Mkate haukuwa na kosa, nailoni haikuwa na kosa. Akitaka kumjua mwenye kosa, yuko hapa."

"Na asipoelewa? Asiporudi tena?" Alisimama. "Dada, unajua tulivyokubaliana. Kantini ikikubali, mdogo wake huyu anakuja. Isipokubali, mimi sina..."

"Najua tulivyokubaliana." Hakupaza sauti. Haikuwepo ya kupaza. "Ikubali, isikubali, mimi kusimama nimeshamaliza. Nitafunga mikate yako. Nitachagua nailoni yako, nitailalia mpaka shingo ikatike. Lakini nitafunga nimekaa. Ukiona haifai, tafuta mwingine."

Na palepale, kwa kuwa kitu pekee cha kukalia kilikuwa boksi, na boksi lilikuwa ndilo kesi yenyewe, akashuka taratibu kwa kushika mguu wa meza, akaketi chini sakafuni, kwenye unga. Ilichukua muda. Magoti yalilia zaidi ya ile nailoni.

Mwokaji alinyoosha mikono amwinue. Akaikataa kwa kidole kimoja.

Wifi alitupa sabuni ndani ya boksi, akatoka bila kuaga. Wakamsikia sebuleni akisukuma kitu, kitu kikigonga ukuta, kikigonga mlango, yeye mwenyewe akikisema. Kisha akarudi kinyumenyume na kiti kikubwa cha sebuleni, cha mikono miwili na mto mnene mwekundu, kimoja kati ya vile alivyonunua mwaka aliofungua biashara yake. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kukikalia. Kilikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani, kimefunikwa mpaka miguuni, na vumbi lilikuwa limeandika juu yake miaka yote iliyopita.

Akakisukuma mpaka kwenye mashine ya kufungia. Kilikuwa kifupi kidogo, lakini kikanyagio kilifikika. "Inuka hapo chini," alisema. "Unaonekana kama mzigo uliosahauliwa stendi."

"Kiti chako cha sebuleni, wifi?"

"Nimesema inuka."

Wakamwinua, huyu mkono huu na huyu mkono ule, wakamshusha kwenye kiti. Nailoni ilichakarika chini yake kwa nguvu, kila alipohema ikajibu. Shangazi alitulia. Mabega yalishuka, moja kwanza, la pili likafuata. Mikono ilibaki mapajani imegeuka juu, haijui ifanye nini. Bwana Roli alitazama pembeni, na Mwokaji akaanza kuokota pakiti mezani moja moja.

"Inapiga kelele," Shangazi alisema, amefumba macho.

"Si ndiyo ninayokwambia? Ukikaa tutajua umekaa."

"Ina joto pia. Inaning'ang'ania." Akaanza kuibandua kwenye mkono wa kiti kwa ukucha, pale iliposhikana. Alizijua nailoni, alijua zinapoanzia.

"Wee, acha. Wifi, usiibandue hiyo. Kaa, lala, fanya utakavyo, ila nailoni isitoke. Itachafuka, na hicho kiti ni cha wageni tu, mgeni akija nataka akikute kama kilivyotoka du..."

"Hodi humu ndani," alisema Mama Kantini, na alikuwa ameshaingia.